Barolo Iliyokomaa: Mwongozo Kamili wa Kuichagua, Kuilaza, Kuifungua na Kuionja

Watu wakishika chupa ya zamani ya mvinyo huuliza ina miaka mingapi. Swali la kwanza lingepaswa kuwa: imelala wapi? Barolo ya 2004 iliyokaa kwenye chumba cha chini chenye baridi huko Alba, Italia, itakupa kinywaji ambacho hutakisahau. Chupa nyingine ya sanduku hilohilo, iliyokaa miaka mitatu juu ya kabati la jikoni Mombasa, imeharibika. Lebo zinafanana, mwaka ni uleule, na bei ya dukani inaweza kuwa ileile. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu utunzaji, na inayobaki inahusu siku mbili tatu za mwisho, ambapo chupa iliyotunzwa kwa miongo miwili inaweza kuharibiwa na haraka ya nusu saa.

Nimechagua Barolo kwa sababu ni mvinyo mwekundu unaodai subira kuliko karibu mivinyo mingine yote ya Italia, na unaoilipa subira hiyo. Mengi nitakayosema yatakufaa pia ukiwa na mivinyo mingine ya Italia kama Barbaresco au Brunello di Montalcino.

Jua unachoshika mkononi

Barolo hutoka Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, kwenye vilima vya Langhe vilivyo kusini-magharibi mwa mji wa Alba. Vijiji vinavyoruhusiwa kuutengeneza ni 11 tu. Zabibu ni aina moja, Nebbiolo, bila kuchanganywa na nyingine. Sheria inataka mvinyo ukae angalau miezi 38 kuanzia tarehe 1 Novemba ya mwaka wa mavuno, na kati ya hiyo miezi 18 iwe ndani ya pipa la mbao. Ukiona neno Riserva kwenye lebo, ujue umekaa angalau miezi 62. Kwa hiyo chupa changa kabisa unayoikuta dukani tayari ina zaidi ya miaka mitatu, na bado haijaanza kusema chochote.

Nebbiolo ni zabibu yenye uchachu mwingi na ukakasi mkali. Kama umewahi kula bibo ambalo halijaiva sawasawa, unaujua ukakasi huo: ulimi unakauka, ufizi unabana. Barolo changa hukufanyia hivyo hivyo. Rangi yake, hata hivyo, ni hafifu tangu mwanzo. Aina za rangi zilizopo kwenye ganda la Nebbiolo ni zile zinazopotea upesi zikikutana na hewa, kwa hiyo usitegemee wekundu mzito wa Cabernet au Shiraz. Asiyeizoea huitazama kwenye glasi akadhani imetiwa maji, kisha anainywa na kushtuka.

Miaka inapopita, tanini, ambazo ndizo chanzo cha ukakasi, hushikana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na rangi. Zikishakuwa nzito huzama chini, na hayo ndiyo mashapo utakayoyakuta kwenye chupa. Ukakasi unalainika, rangi inaelekea kwenye wekundu wa tofali, na harufu ya tunda bichi inaachia nafasi harufu nyingine ambazo chupa changa haina kabisa.

Kijiji nacho kina lake. La Morra na kijiji chenyewe cha Barolo, penye udongo wa mfinyanzi wenye chokaa na rangi ya samawati-kijivu, hutoa mivinyo yenye manukato inayolainika mapema. Serralunga d'Alba na Monforte d'Alba, upande wa mashariki, hutoa mivinyo migumu inayohitaji muda mrefu zaidi. Castiglione Falletto iko katikati, kijiografia na kitabia. Tangu 2010 majina ya mashamba yameorodheshwa rasmi, ndiyo maana utaona Cannubi, Brunate au Bussia kwenye lebo.

Kuna na suala la pipa, ambalo liliwagawa watu wa Langhe mpaka ndani ya familia. Wazee walitumia mapipa makubwa sana ya mwaloni wa Slavonia, huko Kroatia, yenye kubeba maelfu ya lita, yasiyotia ladha ya mbao. Mwaka 1983 kijana Elio Altare wa La Morra aliingia na msumeno wa mashine akayakata mapipa ya zamani ya baba yake ili aweke mapipa madogo ya Kifaransa ya lita 225. Baba yake akamnyima urithi. Upande wa pili alisimama Bartolo Mascarello, aliyechora lebo kwa mkono wake na kuandika juu yake "No Barrique No Berlusconi", yaani hakuna pipa dogo, hakuna Berlusconi, mwanasiasa wa Italia. Siku hizi wengi wamerudi katikati. Kwa mtu anayenunua ili alaze kwa miaka, mimi napendekeza bila kusita mvinyo wa pipa kubwa: Bartolo Mascarello, Giuseppe Rinaldi, Giacomo Conterno, Cavallotto, Burlotto wa Verduno. Hao ni ghali, na baadhi hawapatikani kirahisi. Kwa bei ya kibinadamu tafuta Produttori del Barbaresco, ushirika wa wakulima ulioanzishwa 1958, ambao mivinyo yao ya Nebbiolo inazeeka kwa heshima kubwa.

Hatua ya kwanza: kununua

Njia salama kuliko zote ni kununua chupa zikiwa changa, kutoka kwa muuzaji mwenye stoo yenye baridi, kisha kuzilaza wewe mwenyewe. Nunua chupa tatu au sita za mvinyo uleule badala ya sita tofauti. Ukifungua moja mwaka wa nane, nyingine mwaka wa kumi na mbili, utauelewa mvinyo huo kuliko maelezo yoyote yatakavyoweza kukueleza, na utajua lini ufungue zilizobaki.

Ukinunua iliyokwisha kukaa, kagua. Inyanyue kwenye mwanga uangalie kiwango: mvinyo ukiwa sentimita 2 hadi 4 chini ya kizibo si tatizo kwa chupa ya miaka 25 au 30, lakini nafasi hiyo ikizidi sentimita 6 achana nayo, labda bei iwe ya kutupa. Kizibo kisiwe kimesukuma kifuniko kwa juu. Hiyo ni dalili ya joto. Angalia kama kuna michirizi mikavu ya mvinyo shingoni. Lebo yenye madoa ya unyevu au iliyoliwa kidogo na ukungu isikutishe, maana mara nyingi inaonyesha chupa ilikaa mahali penye unyevu mzuri. Kisha uliza wazi: ilinunuliwa lini, imekaa wapi, ilisafirishwaje. Muuzaji mzuri hujibu bila kukasirika.

Kuhusu miaka ya mavuno: 1989, 1996, 1999, 2001, 2004, 2006, 2008, 2010, 2013 na 2016 ni miaka ya kulaza kwa muda mrefu. Miaka ya joto kali kama 2003, 2011 na 2017 ifungue mapema. 2002 iliharibiwa na mvua na mvua ya mawe, na wengi hawakutoa mivinyo yao bora. 2014 ulikuwa wa mvua pia, lakini wakulima waangalifu walipata mvinyo mwepesi unaonyweka vizuri. Mimi ningeifungua 2004 sasa, ningeanza kuijaribu 2010, na 2016 ningeiacha ilale.

Hatua ya pili: kuilaza

Kipimo kinachotakiwa ni nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi, bila kupandashuka, unyevu wa asilimia 60 hadi 70, giza, na utulivu. Chupa ilale ubavuni ili mvinyo uguse kizibo. Kizibo kikikauka hujikunja na kuingiza hewa.

Joto ndilo adui mkubwa. Kwa kadirio la jumla, joto likiongezeka kwa nyuzi 10 mabadiliko ya kikemia huenda kasi karibu mara mbili, na hayaendi yote kwa mwendo mmoja, kwa hiyo chupa iliyokaa kwenye joto haikomai haraka tu, inakomaa vibaya. Tunda linapikika, harufu ya waridi inatoweka, kinachobaki ni kitu kama zabibu kavu zilizochemshwa. Zaidi ya nyuzi 30 mvinyo unatanuka na kukisukuma kizibo. Usiku ukipoa unasinyaa na kuvuta hewa ndani. Mchezo huo ukijirudia kila siku kwa miezi michache, kazi imekwisha.

Ukiishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar, hakuna kona ya nyumba itakayokufaa kwa miaka. Usidanganywe na chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa usiku tu, kwa sababu kupandashuka huko ni kubaya pengine kuliko joto la wastani lisilobadilika. Friji ya kawaida ya jikoni inafaa kwa wiki chache: ina baridi mno, hewa yake ni kavu, na mota yake inatikisa chupa kila inapowaka. Juu ya friji ndipo mahali pabaya kuliko pote, na ndipo ninapoona chupa nyingi zimewekwa.

Unachohitaji ni friji maalumu ya mvinyo, hata ndogo ya chupa 12 au 18, uliyoiwekea kilinda umeme. Iweke mahali penye kivuli penye hewa ya kupita nyuma yake, maana friji hizi huhangaika zikizungukwa na joto. Umeme ukikatika usiifungue. Chupa zilizojaa, zikiwa zimebanana, hushikilia baridi yake kwa saa nyingi. Kila ukifungua mlango kuangalia unaipoteza. Weka ndani kipimajoto cha bei nafuu chenye kukumbuka kiwango cha juu na cha chini, kwa sababu namba inayoonyeshwa na friji yenyewe mara nyingi ni ya hewa iliyo karibu na feni, si ya mvinyo.

Nyanda za juu zina nafuu kubwa. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, au Arusha, unaweza kulaza chupa kwa miaka michache kwenye kabati la chini ya ngazi, ndani kabisa ya nyumba, mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Limuru na Njombe ni bora zaidi. Funga chupa ndani ya sanduku lake, kisha uweke sanduku hilo ndani ya kasha la povu gumu, moja kwa moja sakafuni. Pima kwa mwaka mzima kabla hujaweka kitu cha thamani. Miezi ya Januari na Februari itakuambia ukweli.

Kama una ndugu Ulaya mwenye chumba cha chini, au muuzaji wako huko anatoa huduma ya kuhifadhi, kwa chupa za kulaza zaidi ya miaka kumi mimi ningeziacha hukohuko na kuzichukua wakati wa kunywa. Chupa iliyosafiri kwa ndege iache itulie angalau wiki mbili, ya zamani hata mwezi.

Andika. Daftari la kawaida linatosha: jina, mwaka, ilinunuliwa wapi, iliingia lini, ulifungua lini, ulionja nini. Barolo hupita kipindi inapojifunga, haina harufu wala raha, hasa kati ya mwaka wa tano na wa kumi, na bila kumbukumbu utadhani umenunua mvinyo mbaya.

Hatua ya tatu: siku tatu kabla

Isimamishe chupa wima, mahali pa baridi, na usiiguse. Mashapo ya Nebbiolo ni laini mno, unga kabisa, na ni machungu. Yakitibuka huchukua siku kushuka tena. Siku mbili ni za lazima, tatu ni bora.

Hatua ya nne: kufungua

Kata kifuniko chini ya mdomo wa shingo, futa vizuri kwa kitambaa chenye maji kidogo. Ukungu mweusi juu ya kizibo ni wa kawaida. Kizibo cha miaka 20 na zaidi kimelegea katikati, na kizibuo cha kawaida kinaweza kukichimba na kukivunja. Tafuta kile cha bamba mbili nyembamba zinazoingia ubavuni mwa kizibo: anza na bamba ndefu, ingiza kwa kuyumbisha taratibu, kisha zungusha huku unavuta. Ukikosa, tumia kizibuo chenye skrubu ndefu, ipitishe mpaka karibu na mwisho wa kizibo, uvute polepole bila kutikisa. Kikikatika, usifadhaike. Kipande kilichobaki jaribu kukitoa kwa kuingiza skrubu kimshazari. Kikigoma, kisukume ndani na umimine kupitia kichujio safi cha chai.

Hatua ya tano: hewa

Hapa watu hubishana sana. Mwenendo wangu ni huu. Chupa ya miaka 10 hadi 15, mimina kwenye jagi pana la kioo saa mbili au tatu kabla ya kula. Chupa ya miaka 20 na zaidi, ifungue asubuhi, onja tone, mimina kiasi kidogo ili mvinyo ushuke mpaka kwenye bega la chupa, kisha iache imesimama mahali pa baridi mpaka jioni. Hewa inaingia polepole bila kuushtua. Nimekuta mara nyingi harufu iliyokuwa imefifia asubuhi imefunguka ifikapo saa moja usiku. Lakini lile tone la asubuhi ndilo linaloamua: kama mvinyo umeshafunguka na ni dhaifu, rudisha kizibo na usingoje.

Wakati wa kumimina kwenye jagi, weka tochi ya simu chini ya shingo ya chupa, ikimulika juu. Inamisha chupa mara moja, usiirudishe wima. Mvinyo utapita mwangavu kabisa, wekundu wa kito, mpaka utakapoona uzi mwembamba wa giza ukianza kutambaa kwenye bega. Acha uzi huo ufike shingoni. Unapokaribia mdomo, simama. Utapoteza vidole viwili vya mvinyo, navyo vinastahili kupotea.

Hatua ya sita: kuonja

Iwe nyuzi 16 hadi 18. "Joto la chumba" wanalosema Ulaya ni la nyumba za mawe zenye baridi, si la sebule ya Kinondoni. Kwenye nyuzi 28 pombe, ambayo hapa mara nyingi ni asilimia 14 au zaidi, itafunika kila kitu. Mimina ikiwa na nyuzi 15 na uiache ipande yenyewe. Glasi iwe kubwa, yenye tumbo pana na mdomo uliobana kidogo, na usijaze zaidi ya robo.

Tazama kwanza, juu ya kitambaa cheupe. Katikati utaona wekundu wa komamanga, ukingoni rangi ya tofali au chungwa. Chungwa la ukingoni ni la kawaida kwa Nebbiolo hata yenye miaka minane, usilihesabu kama uzee. Kinachotisha ni kahawia iliyofifia mpaka katikati, isiyong'aa.

Nusa kabla ya kuzungusha glasi. Harufu za kwanza ndizo nyepesi zaidi, na ukizungusha unazipoteza. Kisha zungusha unuse tena. Barolo nzuri inasifika kwa waridi na lami, na vyote viwili vimo kweli: waridi lililokauka, lile la maji ya waridi yanayonyunyizwa harusini, na juu yake harufu ya barabara mpya baada ya jua. Nyuma yake kuna cheri kavu, urukususu, nanaa, tumbaku, ngozi, ganda la chungwa lililokauka. Chupa zikikaa sana huja harufu ya uyoga, majani ya msituni baada ya mvua, na tartufo, yule uyoga wa chini ya ardhi ambao Alba humfanyia tamasha kila vuli. Usilazimishe kuzipata zote. Taja kile unachokikuta, kwa maneno ya nyumbani kwenu.

Hapa pia utagundua kasoro. Harufu ya kadibodi iliyolowa au kitambaa kilichovunda ni ugonjwa wa kizibo. Hewa haiuponyi, na baada ya saa moja huwa mbaya zaidi. Tufaha lililogongwa na karanga bila tunda lolote ni mvinyo ulioingiwa na hewa. Harufu ya rangi ya kucha ikizidi, siki inakaribia. Lakini ukikuta harufu nzito ya kufungiwa mara tu kizibo kinapotoka, subiri dakika ishirini. Mara nyingi inaondoka yenyewe.

Sasa weka mdomoni kiasi cha kijiko, kieneze kote, vuta hewa kidogo kupitia meno. Sikiliza uchachu pembeni mwa ulimi, ndio unaouweka mvinyo hai. Kisha ukakasi: kwenye Barolo iliyokomaa hauishi, ila unabadilika ukawa laini, wa unga mwembamba, unaobana ufizi bila kuukausha. Meza, uhesabu ladha inakaa muda gani. Kwa chupa nzuri utaendelea kuihisi baada ya nusu dakika na zaidi, na mara nyingi ladha ya mwisho si ile ya mwanzo.

Usiimalize glasi ya kwanza. Acha kidogo, urudi baada ya nusu saa, kisha baada ya saa. Mvinyo huu haukai mahali pamoja, na anayeunywa wote kwa dakika kumi amelipia saa tatu akachukua sehemu ndogo.

Mezani, na kinachobaki

Huko Langhe huliwa na nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu ndani ya mvinyo, na tajarin, tambi nyembamba za mayai, zilizotiwa siagi na tartufo. Kwetu, mbavu za mbuzi zilizobanikwa taratibu kwa chumvi tu zinafaa sana, na mchuzi mzito wa nyama uliopikwa muda mrefu. Mafuta na protini ya nyama hushika ukakasi. Pilipili hufanya kinyume, inauchoma na kuukaza, kwa hiyo siku hiyo kachumbari iwe bila pilipili. Tui la nazi na mvinyo huu havipatani, lisaidie samaki.

Ukibakiza nusu chupa, ihamishie kwenye chupa ndogo safi ya mililita 375, ijae mpaka juu, uzibe na kuiweka friji. Chupa ya miaka 12 itakuwa nzuri kesho yake, pengine bora. Ya miaka 30 imalize usiku uleule, na yale mashapo yaliyobaki chini ya chupa yatie kwenye mchuzi unaochemka kesho, kupitia kichujio.